Mukunga wa Mayai

Ukitaka kula paja la kuku kwa amani kwenye malewa yangu, kibanda changu cha chakula pale Majengo, ilibidi kwanza uhakikishe Mukunga hayuko ndani. Alikuwa na desturi ya kuingia mchana, saa ambazo watu wa soko wanakuja kula, anakaa kwenye benchi ya pembeni bila kuagiza kitu, kisha anachagua mtu mmoja na kumtazama akitafuna. Mtu anatafuna, Mukunga anatazama. Mtu anapunguza kutafuna. Hatimaye anaweka mfupa chini na kuuliza kama kuna shida.

“Anasikilika namna gani, papa?”

“Nani?”

“Huyo uko nakula.”

Fundi mmoja wa milango, mtu wa mzaha, alimjibu kwamba anasikilika vizuri, ila tu amekufa. Mukunga hakucheka. Aliomba aoneshwe mfupa, akaushika kwa vidole viwili, akaugonga mezani, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nakoroga fufu, ugali wetu wa muhogo.

“Mama Malewa, uliona mufupa hii? Nguvu kama hii haitoke ku chakula peke yake. Huyu alilelewa ndani.”

“Ndani” kwake ilikuwa ndani ya yai.

Yeye mwenyewe hakuonja kuku. Chakula chake kilikuwa sombe, yaani majani ya muhogo, na makayabo, samaki wa chumvi, na makayabo yakikosekana, sombe tupu. Nilimuuliza siku moja sababu, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu.

“Weye ungekula mutu uliyemupokea?”

Nilimkumbusha kwamba mimi ndiye ninayewachinja hao hao anaowapokea. Aliwaza kidogo, akasema kila mtu na kazi yake, hata kwenye makaburi kuna watu wanaolipwa. Sikujua kama alikuwa ananitetea au ananitukana, na nadhani yeye pia hakujua.

Tulikuwa majirani huko Mapendo, ukuta mmoja wa mawe meusi kati ya uwanja wake na wangu. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha kwenye materinite, akipokea watoto, na karibu nusu ya vijana wa mtaa wetu walitoka tumboni mikononi mwake. Ndiyo maana hakuna aliyetumia jina lake. Hata padri alimwita Mukunga. Alipostaafu, tulitegemea afanye kama wastaafu wengine, anunue kiti kizuri akae barazani kulaumu serikali. Yeye akanunua kuvezi.

Hapa kwetu kuvezi ni neno moja la vitu viwili: sanduku la joto la kumweka mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, na sanduku la joto la kutotoa mayai. Kwa Mukunga hayakuwa maneno mawili, wala vitu viwili. Alivaa blauzi yake nyeupe ya zamani kabla ya kulifungua. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Aliyeingia na viatu alifukuzwa, na aliyeingia akikohoa alifukuzwa kwa matusi. Mayai aliyaita batoto tangu siku ya kwanza, na kuyamulika kwa taa ili kuona kilichomo ndani, jambo ambalo wafugaji wote wanalifanya, yeye aliliita ekografi, kama ile picha ya mimba ya hospitali.

“Leo ni siku ya ekografi,” alinipigia kelele kupitia ukutani. “Usiwashe makala upande wangu, moshi iko naingia.”

Nilikwenda mara nyingi kuangalia. Chumba kilikuwa giza, pazia limefungwa, na yeye amekaa na tochi ndogo chini ya yai. Ungeona mishipa myekundu imetanda kama mizizi, na katikati kivuli kidogo kinachoruka. Mwanamke ambaye nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mama mwenye uchungu “Nyamaza, si weye wa kwanza kuzaa,” mwanamke huyo huyo alikuwa analisemesha yai kwa Kinande, kwa sauti laini ambayo mimi jirani yake sikuwahi kuipata hata siku ya harusi ya binti yangu.

Habari ya majani ilikuja na Docta. Huyu ni kijana, daktari wa mifugo, mtu mpole mwenye miwani, na yeye pia alizaliwa mikononi mwa Mukunga, jambo ambalo Mukunga alilitaja kila walipobishana. Docta ndiye aliyemweleza kwamba kifaranga wa kuku wa nyama anaanza kujengwa tumbo kabla hajatoka, na kwamba watu wamejaribu kuingiza maji ya mimea ndani ya yai siku chache kabla ya kutotoa, ili atoke na matumbo yenye nguvu, ale vizuri, anenepe haraka bila kupewa dawa nyingi za dukani. Alimwonesha namna: unatoboa tundu dogo upande wa yai ulio butu, mahali penye hewa, unapitisha sindano nyembamba mpaka kwenye maji anamoogelea kifaranga, unaweka tone, unatoa, unaziba kwa nta ya mshumaa.

Mukunga alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, “Donc ni CPN.”

CPN ni ile kliniki ya wajawazito, wanakopimwa na kupewa vidonge vya damu. Docta alifikiri kidogo, akakubali kwamba, kwa namna fulani, ndiyo, ni CPN ya kuku. Toka siku hiyo kitu hicho hakikuwa na jina lingine.

Sasa ucheke na mimi. Mwanamke huyu, kwenye materinite, alikuwa adui mkubwa wa majani. Mama akija na harufu ya mizizi mdomoni, Mukunga alimwaga kila chupa aliyoikuta kwenye kapu lake, mbele ya mama mkwe aliyeichemsha. Nilishuhudia bibi mmoja kutoka Masisi akikimbilia nje na jagi lake amelikumbatia. Miaka ikapita, na uwanja wa Mukunga ukajaa moringa, tangawizi, kitunguu saumu, na ule mubirizi mchungu ambao hata mbuzi wanaufikiria mara mbili. Alichemsha, akachuja kwa kitambaa, akachuja tena, akachemsha seringe, bomba lake la sindano, akaweka chupa zake dirishani. Mama mmoja aliyekuwa amemwagiwa dawa zake miaka ya nyuma alipita, akasimama kwenye mlango, akaziangalia chupa moja moja.

“Mukunga, hii si ile uliyonikataza?”

“Weye ulikuwa unakunywa bila kupima.”

“Na hawa?”

“Hawa ninawapimia.”

Yule mama alicheka mpaka akashika mlango. Mukunga alimpa majani ya moringa akapike, na huo ndio ulikuwa msamaha wote aliouomba.

Alikosea pia, na vibaya. Alianza na maji ya moringa, mepesi, kama Docta alivyomwambia, na vifaranga wakatoka wakichangamka. Basi akaingiwa na tamaa. Akaamini kwamba kama kidogo ni kizuri, kingi ni kizuri zaidi, akatengeneza maji ya tangawizi makali sana, akachoma trei nzima. Siku ya kutotoa ilifika, kuvezi ikanyamaza. Kesho yake ikanyamaza tena. Akamwita Docta, Docta akapasua yai moja, akaonja ile dawa kwa ncha ya ulimi, akakunja uso.

“Mama, hii ni chai ya kuamsha maiti.”

“Basi ingewaamsha,” alisema Mukunga, akaingia ndani.

Jumapili iliyofuata kanisani, padri alisoma nia za misa: kwa ajili ya fulani mgonjwa, kwa ajili ya safari ya fulani, na kwa ajili ya watoto wengi waliofariki kabla ya kuzaliwa, wameombewa na Mukunga. Kanisa zima liliinama. Mama mmoja mbele yangu alilia kwa kweli, maana kila mtu alijua kazi aliyoifanya Mukunga, na kila mtu alidhani sasa, katika uzee, mambo ya zamani yamemrudia. Mimi peke yangu nilijua kwamba tunaombea trei. Nilijifunika kitenge usoni, mabega yananitikisika, na jirani yangu akanipigapiga mgongoni kunifariji.

Padri alipokuja kujua, alituma mtu kuuliza kama kuna kuku wa kuuza.

Mukunga aliwaogopa majogoo. Hilo nalo sikulielewa. Mtu aliyewatoa watoto waliokwama, waliokuja kwa miguu, waliozungukwa na kitovu shingoni, alipoona jogoo anakuja na shingo yake imevimba alipanda juu ya kiti. Vifaranga wake wenyewe, wakishakauka manyoya, hakuwataka tena. Aliwauzia akina mama wa Majengo na Mapendo, akawapa mafundisho ya joto na ya maji safi, akabakiza wachache kwa Docta kuwapima. Wakishakuwa na kishungi, alivuka upande mwingine wa barabara ili wasionane.

Mwaka ule volkano ilipotoka na tukaambiwa tuhame mji, kila mtu alibeba alichokiona cha maana. Mimi nilibeba sufuria kubwa. Mukunga alibeba mayai. Yalikuwa karibu kutotoa, na asubuhi ile, wakati ardhi inatetemeka na watu wanakimbia na magodoro kichwani, nilimkuta amekaa chumbani na sindano yake. Alisubiri tetemeko lipite, akachoma yai, akaliziba, akasubiri tena.

“Toka, tunakufa,” nilimwambia.

“Bamebakia kidogo tu. Sitabaacha bila CPN.”

Alipomaliza aliyafunga kwenye vitenge, akayazungusha tumboni, chini ya matiti, akavaa koti la mvua juu. Tukashika barabara ya kwenda Sake kwa miguu, kati ya umati. Alitembea polepole, mikono miwili imeshika tumbo, mgongo umepinda nyuma, kama mjamzito wa kweli. Aliwaona wengi katika maisha yake, alijua namna ya kutembea. Tulipofika kwenye kizuizi, askari mmoja akatutazama, akamtazama yeye usoni, akatazama tumbo, akarudi usoni. Mukunga tayari alikuwa na mvi zote.

“Mama, uko na miaka ngapi?”

“Inatosha.”

“Na mimba?”

“Unaiona.”

Yule askari, mtoto mzuri wa watu, alisimamisha lori lililojaa, akaamuru watu wasogee, mama huyu apande. Mukunga akakataa.

“Lori itabatikisa.”

“Itabatikisa? Ni mapacha?”

“Ni zaidi.”

Askari akafanya ishara ya msalaba, akavua kofia, akatufungulia njia yeye mwenyewe akitembea mbele yetu, akiwaambia watu wapishe. Mimi nilitembea nyuma na sufuria yangu kichwani, nimeuma midomo.

Sake tulipokelewa kwenye ukumbi wa parokia. Kesho yake, adhuhuri, watu wakiwa wamepiga magoti wanasali rozari, tumbo la Mukunga likaanza kulia. Kwanza sauti moja, nyembamba. Kisha nyingine ikajibu. Msalishaji akanyamaza katikati ya Salamu Maria. Mukunga aliinua kichwa akamwambia aendelee, hawa wanaitikia. Jioni alikuwa na kundi la vifaranga wakikauka kwenye mapaja yake, na watoto wa wakimbizi wamemzunguka, na hakuna aliyekumbuka tena kuuliza kama nyumba yake imesalimika au imeungua. Wale waliokataa kutoka ndani ya mayai siku ile aliwafukia nyuma ya ukumbi. Hakuomba misa tena, lakini nilimuona akisimama pale muda.

Tuliporudi, nyumba zetu zilikuwa zimesimama, na ugomvi wake na Docta ukaanza upya. Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Docta aliamini ile dawa inasaidia. Lakini kuamini si kujua, na ili ajue, alihitaji mayai ya kulinganisha: nusu ya trei yachomwe, nusu yaachwe, kisha vifaranga wote walelewe sawa na kupimwa. Kwa Kifaransa chao cha shule, hao wasiopewa dawa wanaitwa mashahidi.

“Mashahidi ya nini?” aliuliza Mukunga. “Nani ameshitakiwa?”

“Hakuna, mama. Ni ya kuona tofauti.”

“Tofauti ya nani ninamukatalia?”

“Haumukatalii. Unamuacha tu vile alivyo.”

“Docta, mama yako alikuja ku materinite saa mbaya, mvua inanyesha, tuko na bamama wawili kitanda kimoja. Nilimwambia, weye mama, leo uko shahidi?”

Docta alijaribu kwa njia nyingine. Alimwambia kwamba bila hivyo hawezi kuwashauri wafugaji wengine, watu watasema ni bahati, ni chakula, ni hali ya hewa. Alimwambia kwamba labda, Mungu aepushe, dawa haifanyi kitu, na yeye anahangaika bure. Hapo Mukunga alimwelewa vizuri sana. Alikubali. Docta mwenyewe aliweka alama ya msalaba kwa kalamu kwenye mayai ya kuachwa, akaondoka na furaha.

Vifaranga walitoka, wakalelewa, wakapimwa, na hakukuwa na tofauti yoyote. Docta alirudia kupima. Alivua miwani, akaisafisha. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta nikisubiri kuku wangu wa wiki, nikamuona Mukunga anapanga chupa ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

“Mama,” alisema Docta kwa upole, “ile yenye msalaba ulichoma?”

“Msalaba,” alisema Mukunga. “Weye unawekea mutoto msalaba kabla hajazaliwa, kisha unataka nilale.”

Walijaribu tena mara nyingi. Kila mara aliahidi, na kila mara aliyachoma yote. Mara moja Docta alifunga nusu ya mayai ndani ya sanduku lenye kufuli, akaondoka na ufunguo. Mukunga alimwita fundi wa milango, yule wa mzaha.

Kwa upande wangu, sikuhitaji shahidi. Nilipika kuku wake na nilipika mapaja ya barafu yanayotoka nje, yale yanayoyeyuka na kuacha maji kwenye sufuria, na wateja walijua tofauti kabla hawajakaa. Barabara ilipofungwa na vifaranga wa kutoka nje wakaacha kuingia, ni wake waliobaki. Akina mama waliofuga nyuma ya nyumba zao walimtegemea, nami niliwategemea wao, na kila aliyenioshea sahani alinitegemea mimi. Hiyo ndiyo sababu ile fununu ilitupiga vibaya.

Sijui ilianzia wapi. Nilisikia kwanza kwamba kuku wa Mukunga wanachomwa sindano, jambo ambalo ni kweli. Halafu nikasikia sindano ni ile ya uzazi wa mpango, aliyoiba kwenye materinite. Halafu kwamba mwanaume akila kuku hao miezi kadhaa anaota matiti. Mteja wangu mmoja mnene, mtu wa kuuza simu, aliingia siku ile akajishika kifua mbele ya kila mtu, akaagiza maharage. Katika wiki moja malewa yangu yakawa ya maharage. Akina mama wakarudisha vifaranga kwa makatoni. Nilikaa kwenye benchi yangu mwenyewe, mahali pa Mukunga, na hakukuwa na mtu wa kutazama.

Nilikwenda kumlilia. Nilimwambia ukweli, kwamba nikiendelea hivi nitafunga. Alinisikiliza, akauliza, “Nani anasema?”

“Batu bote.”

“Batu bote ninabajua,” alisema.

Jumapili, misa ilipokwisha na watu wakiwa bado wamesimama uwanjani wanasalimiana, Mukunga alipanda kwenye ngazi ya kanisa na blauzi yake nyeupe. Alishika chupa ya maji ya moringa mkono mmoja na seringe mkono mwingine. Padri alitoka, akaiona seringe, akarudi ndani.

“Nani hapa nilimupokea miye?” aliuliza.

Watu walitazamana. Mkono mmoja ukainuka, kisha wa pili, kisha ikawa kama shamba. Vijana wa kwaya, wauza mkaa, walimu, yule muuza simu naye.

“Mama zenu, wakati muko ndani, nilibachoma sindano. Bote. Sindano ya pepopunda.” Alisubiri. “Sasa muangalie mwenzako. Nani ameota manyoya?”

Kicheko kilianzia nyuma. Alivuta dawa kwenye seringe, akaidondoshea ulimini, akaimeza, akafungua mdomo watu waone, kama alivyozoea kufanya na wagonjwa wanaoficha vidonge. Kisha akamnyooshea kidole muuza simu.

“Na weye, hicho kifua ulizaliwa nacho. Ninakumbuka, nilikushika.”

Jumatatu mapaja ya kuku yaliisha kabla ya saa saba. Muuza simu alikula mawili na kuomba mchuzi.

Baadaye hali ya mji ikawa ngumu, umeme ukawa wa kubahatisha, na Mukunga akahamia kwa dada yake huko Kibati, kwenye nafasi zaidi na majirani wachache wa kugombana nao. Kuvezi ilikwenda naye. Kwa muda mrefu vifaranga walishuka mjini na pikipiki lakini yeye hakushuka. Nilitumiwa salamu, nikatuma salamu. Malewa hayana likizo. Nilipopata siku, nilipanda.

Nilimkuta uwanjani, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, amekonda. Docta alikuwa kwenye banda na mizani. Nilimsalimia Mukunga kwa kumshika mikono na nikahisi inatetemeka, si kwa baridi, mtetemo usiokoma. Aliitoa mikononi mwangu akaiweka chini ya kitenge.

Docta alikuja akatusalimia, na alikuwa na uso ambao sikuuelewa, wa furaha na wa mtu aliyevunja sahani. Alinieleza. Kwenye trei ya mwisho Mukunga alichoma mpaka mikono ikakataa. Alijaribu kuendelea akapasua mayai, akaacha. Yaliyobaki yakaingia kuvezi bila dawa. Hakukusudia, na hapo Kibati hakukuwa na mtu mwingine aliyejua kuchoma. Vifaranga walitoka wote pamoja, wakalelewa kwenye vyumba viwili vya banda, chakula kile kile, maji yale yale. Sasa alikuwa amewapima.

“Inatumika, mama,” alimwambia Mukunga, amechuchumaa mbele yake. “Sasa ninaweza kusema. Waliochomwa ni wazito. Ni wazito kweli.”

Nilidhani atasimama kucheza. Alikuwa amesubiri neno hilo miaka yote, hata kama hakuwahi kulikubali.

“Na bale wengine?”

“Ni wazima. Ni wadogo kidogo, basi.”

“Ni badogo juu ya mikono yangu.”

Docta alianza kumweleza uzito wa kawaida wa kuku. Ndani ya banda kuku walikuwa wanakwaruza, wakubwa upande huu, wadogo upande ule, na hata mimi, bila mizani, niliwatofautisha.

Mukunga alinigeukia.

“Leta mikono.”

“Ya kufanya nini?”

“Leta.”

Nilimpa. Aliigeuza, akabonyeza ncha za vidole, akaniambia niinyooshe mbele yangu na kuishikilia hivyo. Niliishikilia. Haikutikisika.

“Mukunga, miye ni mutu wa kisu,” nilimwambia.

“Sikuuliza kazi yako. Enda unawe. Mpaka kwenye kiwiko.”

Kulikuwa na trei tayari, imefika siku yake. Chumba kilikuwa giza kama kile cha Mapendo. Alinivalisha blauzi nyeupe, ikanibana kwenye mabega, akakaa nyuma yangu kiasi kwamba pumzi yake ilinigusa shingo. Nilichukua yai la kwanza. Lilikuwa la moto kuliko nilivyotegemea. Nililiweka juu ya tochi na kile kivuli kikasogea, kikajikunja mbali na mwanga, kama mtu anayevuta shuka.

“Anakuona,” alisema Mukunga. “Usimuogopeshe. Toboa pole. Pole, si mbuzi hiyo. Sasa sindano. Ingiza moja kwa moja. Acha tone. Toa. Ziba. Juu ya nini unafunga macho?”

Nilikuwa nimefunga macho kweli. Nilifungua. La pili lilikwenda vizuri zaidi, la tatu akaninyanyasa, la nne akanyamaza. Niligundua baadaye kwamba alikuwa amelala, kichwa kwenye ukuta, mikono juu ya mapaja ikiendelea na mtetemo wake peke yake. Niliendelea. Upande mmoja wa trei ulikuwa umekwisha, wote na vifuniko vidogo vya nta, nilipomsikia Docta akiingia kwa ncha za miguu, bila viatu.

“Mama Malewa,” alininong’oneza, “upande huu mwingine tuuache. Mara moja tu, tuhakikishe.”

Nilikuwa na yai mkononi, na lilikuwa linasogea. Nikamwambia ahame pale, ananizibia taa.